Magadi, Sabuni na Mwamba: Historia ya Kupunguza Mvutano kati ya Mafuta na Maji, na Ushahidi wa Maziwa ya Karatu na Ngorongoro

Historia ya mafuta ya petroli nchini Tanzania imezoeleka kuanzia pwani. Huanza mwaka 1952, kampuni za BP na Shell zilipoanza utafutaji, ikapita Songo Songo, ambako gesi asilia iligunduliwa mwaka 1974, na Mnazi Bay mwaka 1982, kisha ikaishia katika kina kirefu cha Bahari ya Hindi. Bara kavu hutajwa kwa aya moja au mbili. Tangu katikati ya miaka ya 2010, hata hivyo, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limeelekeza macho katika bonde la Eyasi-Wembere, ambalo ncha yake ya kaskazini iko katika Wilaya ya Karatu. Vipimo vya angani vimefanyika, visima vifupi vya uchunguzi vimechorongwa upande wa kusini wa bonde, na upimaji wa mitetemo umefuata. Kuwapo kwa mafuta yanayoweza kuchimbwa kibiashara hakujathibitishwa.

Insha hii haihusu kama mafuta yapo au hayapo. Inahusu swali ambalo kwa kawaida huulizwa miaka mingi baada ya kisima cha kwanza, nalo ni namna ya kuyatoa mafuta yanayogoma kutoka. Hoja yake ni kwamba kemia inayojibu swali hilo, yaani kemia ya alkali na sabuni, imeandikwa katika maziwa ya magadi ya Karatu na Ngorongoro muda mrefu kabla haijaingia katika vitabu vya wahandisi. Mwanajiolojia wa Oldupai na mchunguzi wa ziwa la magadi walikwisha kueleza jinsi alkali inavyoutenda mwamba. Kwa bahati mbaya, maandishi yao yamewekwa katika rafu za wanaotafuta asili ya binadamu, si za wanaotafuta mafuta.

Tatizo lenyewe

Mafuta hayakai ardhini kama maji ya kisimani. Hukaa ndani ya vinyweleo vya mwamba, mfano wa maji ndani ya sifongo. Kisima kinapotobolewa, shinikizo la asili husukuma sehemu ya mafuta juu. Shinikizo likipungua, maji huingizwa kupitia visima vingine ili yasukume mafuta kuelekea kisima cha uzalishaji. Njia hiyo hufika mahali ikakwama. Kinachotoka ni maji zaidi na zaidi, ilhali zaidi ya nusu ya mafuta bado yamebaki chini, yamegawanyika kuwa matone madogo yaliyonaswa kwenye shingo za vinyweleo.

Kinachoyanasa ni mvutano wa mpaka, yaani kani inayofanya mafuta na maji yasikubali kuchanganyika na kulifanya tone lijikaze liwe duara. Kati ya mafuta ghafi na maji mvutano huo huwa takriban mN/m 20 hadi 30. Ili tone lipite kwenye shingo nyembamba ni lazima linyumbuke, na kunyumbuka maana yake ni kuongeza eneo la mpaka. Mvutano ukiwa mkubwa, mwendo wa kawaida wa maji ndani ya mwamba hauna nguvu ya kulilazimisha. Wahandisi huonesha jambo hili kwa namba ya kapilari, ambayo ni uwiano wa kani ya mnato wa maji yanayosukuma na kani ya mvutano inayozuia. Katika usukumaji wa kawaida wa maji namba hiyo huwa karibu 10⁻⁷, na mafuta yaliyonaswa hayaanzi kutoka kwa wingi mpaka iongezeke mara elfu moja au zaidi. Kasi ya maji haiwezi kuongezwa mara elfu bila kupasua mwamba. Njia iliyobaki ni kuupunguza mvutano mara elfu hiyo hiyo, hadi chini ya mN/m 0.01.

Kazi hiyo hufanywa na safaktanti, jina la jumla la sabuni na jamaa zake. Molekuli ya safaktanti ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, kwa hiyo hujipanga mpakani na kulegeza ugomvi uliopo. Yeyote aliyeosha sahani iliyogandiwa na mafuta ya ng'ombe kwa maji baridi, kisha akaongeza sabuni, ameuona mvutano wa mpaka ukishuka. Ulinganisho huu una msingi wa kihistoria. Agnes Pockels, mwanamke wa Braunschweig nchini Ujerumani ambaye hakuwahi kusoma chuo kikuu, alianza kupima mvutano wa uso wa maji machafu jikoni kwao, na matokeo yake yakachapishwa katika jarida la Nature mwaka 1891.

Magadi kabla ya kiwanda

Mwaka mmoja baada ya barua hiyo ya Pockels, yaani Machi 1892, Oscar Baumann alifika Ngorongoro na Eyasi akiwa Mzungu wa kwanza kuyaeleza maeneo hayo kwa maandishi. Miaka tisa kabla yake, mwaka 1883, Gustav Fischer alikuwa amepita jirani na Ziwa Natron. Katika fasihi ya kikoloni safari hizi huitwa ugunduzi. Zilichogundua ni njia za watu waliokuwa wakitumia maziwa hayo tayari. Wamaasai walikuwa wakiwapa mifugo yao chumvichumvi ya ziwa lililo ndani ya kreta, ambalo hadi leo huitwa Magadi, au Makat kwa Kimaasai. Wahadzabe na Wadatoga waliishi kandokando ya Eyasi na kuijua chumvi yake. Kutoka maziwa ya namna hii magadi yalisafiri hadi majikoni ya mbali, yakalainisha maharage na makande, yakatiwa katika ugoro.

Matumizi haya si ya kupuuzwa na mwanahistoria wa kemia. Anayetia magadi katika chungu cha maharage anatumia alkali kuvunja kinachoshikilia ganda. Anayechemsha mafuta pamoja na alkali anatengeneza sabuni, kwa sababu alkali hukutana na asidi za mafuta na kuzigeuza kuwa chumvi zenye kichwa na mkia. Wakati wa uhaba wa sabuni wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, maarifa hayo yalirudi nyumbani katika sehemu nyingi za Tanzania bila mwalimu wa kemia kuitwa.

Kiwanda cha kwanza kikubwa cha magadi katika eneo hili la Bonde la Ufa hakikujengwa upande wa Tanganyika bali upande wa pili wa mpaka. Magadi Soda Company ilianzishwa mwaka 1911 kwenye Ziwa Magadi, Kenya, katika mwaka ule ule ambao mkataba wa pili kati ya serikali ya kikoloni na Wamaasai uliwahamisha wafugaji kutoka Laikipia. Reli ya tawi ilijengwa kufikia ziwa. Mwaka 1924 kampuni hiyo ilichukuliwa na Brunner Mond ya Uingereza, ambayo miaka miwili baadaye ikawa sehemu ya ICI. Magadi yalikwenda kwenye viwanda vya vioo na sabuni. Hakuna aliyeyafikiria kwa ajili ya visima vya mafuta, ingawa wazo lenyewe lilikuwa njiani.

Alkali yaingia kisimani

Mwaka 1927 H. Atkinson alipata hataza nchini Marekani ya kutoa mafuta mchangani kwa kutumia maji yenye alkali. Mwaka huo huo Uren na Fahmy walichapisha majaribio yaliyoonesha kuwa mafuta yanayopatikana kwa kusukumwa na maji huongezeka mvutano wa mpaka unapopungua. Mwaka 1929 De Groot alipendekeza kutia safaktanti moja kwa moja katika maji ya kuingizwa. Hivyo ndani ya miaka miwili njia zote mbili zilikuwa mezani. Ya kwanza ni kupeleka sabuni iliyokwisha kutengenezwa kiwandani, na ya pili ni kupeleka alkali ili sabuni itengenezwe huko huko chini, kutokana na asidi zilizomo ndani ya mafuta ghafi yenyewe. Njia hii ya pili ndiyo ya chungu na magadi, ila chungu chake ni mwamba.

Kwa zaidi ya miaka thelathini mawazo haya hayakuzaa mengi, kwa kuwa mafuta mapya yalikuwa rahisi kupatikana. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Marathon Oil ilijaribu mchanganyiko wa safaktanti katika uwanja wa Robinson, Illinois. Kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 na tena 1979 kuliamsha utafiti mkubwa, na kuanguka kwa bei mwaka 1986 kukaulaza. Mtu akiichora historia ya safaktanti katika sekta ya mafuta, atakuta imefuata bei kuliko ilivyofuata ugunduzi.

Nchi iliyoendelea bila kusubiri bei ni China. Uwanja wa Daqing, uliogunduliwa mwaka 1959, ulianza majaribio ya kuingiza alkali, safaktanti na polima kwa pamoja mwaka 1994, na kufikia mwaka 2014 njia hiyo ilikuwa ya kibiashara. Alkali hupunguza kiasi cha safaktanti kinachonaswa na mwamba na kutengeneza sabuni ya ziada. Polima huongeza mnato wa maji ili yasipite njia za mkato. Mafuta yaliongezeka, lakini na matatizo yakaja. Alkali kali, yaani haidroksidi ya sodiamu, iliyeyusha silika ya mwamba. Maji yale yalipofika kwenye visima vya uzalishaji na alkali yake kupungua, silika iliganda upya kama ukoko katika pampu na mabomba. Vilevile mafuta na maji vilivyokuwa vimepatanishwa chini vilitoka vikiwa mchanganyiko mzito usiotengana kwa urahisi. Suluhisho mojawapo lilikuwa kuhamia alkali dhaifu zaidi, kaboneti ya sodiamu, ambayo kwa jina la kawaida ni magadi.

Ushahidi wa Oldupai na Lengai

Hapa ndipo Ngorongoro inapoingia kwa uzito wake. Mwaka 1967 Hans Eugster alichapisha maelezo ya madini mapya ya silika na sodiamu kutoka Ziwa Magadi, yakaitwa magadiaiti. Alieleza kwamba maji yenye alkali nyingi huyeyusha silika kwa wingi, na kwamba alkali ikipungua silika hiyo huganda, na hatimaye huwa mwamba mgumu wa chati. Ukoko uliosumbua pampu za Daqing ni tukio la kundi hilo hilo, lililofupishwa kutoka maelfu ya miaka hadi miezi michache. Isingekuwa kutia chumvi kusema kwamba ziwa hilo la Bonde la Ufa lilikuwa limekwisha kutoa onyo hilo miaka 27 kabla ya majaribio hayo ya China.

Ushahidi wa pili umo ndani ya Ngorongoro yenyewe. Richard Hay, aliyefanya kazi Oldupai kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu chake kuhusu jiolojia ya korongo hilo mwaka 1976, alionesha kuwa ziwa la kale la Oldupai lilikuwa la chumvi na alkali, na kwamba majivu ya volkano yaliyoanguka humo yaligeuka kuwa zeolaiti. Wasomaji wengi wa Hay walitaka kujua mazingira ya zamadamu wa Leakey. Kwa anayefikiria mafuta, maana yake ni nyingine. Majivu ya volkano hayatulii yakikutana na alkali. Huila alkali hiyo na kubadilika kuwa madini mengine. Zeolaiti nazo hubadilishana sodiamu na kalisi. Mwamba wa namna hiyo ukiwa ndio hifadhi ya mafuta, alkali inayopelekwa kwa ajili ya kutengeneza sabuni inaweza kuisha njiani kabla haijakutana na mafuta, na kalisi inayotoka humuharibia kazi safaktanti kwa kuigandisha, kama maji magumu yanavyoitoa sabuni ya mche povu lake na kuacha utando mweupe kwenye beseni.

Ushahidi wa tatu ni wa kutia matumaini zaidi. Mwaka 1962 J. B. Dawson alitangaza kuwa Ol Doinyo Lengai, mlima ulioko kusini mwa Natron, hutoa lava ya kaboneti ya sodiamu. Hadi leo hakuna volkano nyingine hai duniani inayojulikana kufanya hivyo. Maji ya maziwa ya jirani yana sodiamu na kaboneti kwa wingi, ilhali kalisi yake ni kidogo mno kwa sababu hujitenga mapema kama chokaa. Kwa lugha ya mfua nguo, haya ni maji laini kupita kiasi. Mhandisi wa Texas au Oman hugharamia mitambo ili kuondoa kalisi katika maji kabla ya kutia alkali. Kaskazini mwa Tanzania kazi hiyo imefanywa na asili.

Hata hivyo matumaini hayo yana mpaka. Sabuni haitengenezwi na alkali peke yake. Ni lazima mafuta yawe na asidi. Mafuta yaliyopatikana katika mabonde jirani ya ufa, Ziwa Albert nchini Uganda tangu 2006 na Lokichar nchini Kenya tangu 2012, ni ya nta. Nta na asidi ni mambo mawili, na mafuta yanaweza kuwa na ya kwanza kwa wingi na ya pili kidogo. Bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limebuniwa kupashwa joto kwa sababu ya nta hiyo, na sabuni haiwezi kuliondoa tatizo hilo. Takwimu za Uganda zinaonesha kwa nini swali linabaki pale pale: kati ya mapipa bilioni 6.5 yanayokadiriwa kuwa ardhini, ni bilioni 1.4 tu yanayohesabiwa kuwa yanaweza kutolewa. Iwapo Eyasi-Wembere itatoa mafuta ya aina hiyo, bilioni zinazobaki chini zitazungumzwa mapema kuliko ilivyokuwa Daqing.

Natron, 2006–2008

Ni mara moja tu ambapo thamani ya viwandani ya magadi ya Wilaya ya Ngorongoro ilijadiliwa hadharani, na mjadala huo unastahili kusomwa pamoja na haya yaliyotangulia. Tata Chemicals ya India iliinunua Brunner Mond mwishoni mwa 2005 na kwa hiyo ikapata kiwanda cha Magadi. Muda si mrefu, pamoja na Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC), ilipendekeza kiwanda kwenye Ziwa Natron cha kuzalisha tani 500,000 za magadi kwa mwaka. Natron ilikuwa imeorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu 2001, na ndiyo sehemu kuu ya kuzaliana heroe wadogo wa Afrika Mashariki. Upinzani wa BirdLife na asasi nyingine za uhifadhi ulikuwa mkali, tathmini ya mazingira ilikosolewa, na mwaka 2008 Tata ilijiondoa. Mwaka 2011 Rais Jakaya Kikwete aliurejesha mradi midomoni mwa watu, na baadaye NDC ilielekeza nguvu Engaruka, Wilaya ya Monduli.

Katika kumbukumbu nyingi mjadala huo umepunguzwa ukawa vita kati ya ndege na ajira. Upunguzaji huo ni wa kusikitisha, kwa maana umeficha suala la maji baridi. Kiwanda cha magadi huhitaji maji yasiyo na chumvi, na pembezoni mwa Natron maji hayo ni ya vijito vichache ambavyo wafugaji wa Engaresero na wakulima wa Pinyinyi huvitegemea. Ndege nao walistahili hoja bora zaidi. Manyoya ya ndege wa majini huzuia maji kwa sababu mvutano wa uso wa maji hauyaruhusu kupenya kati ya nyuzi zake. Kinacholegeza mvutano huo ndani ya mwamba huulegeza pia juu ya ziwa, na ndege aliyeguswa na maji yenye safaktanti ya kutosha hulowa hadi kwenye ngozi.

Eyasi si Natron. Ni ziwa linalopanuka na kukauka kufuatana na mvua, na heroe hulitembelea kwa msimu. Lakini upande wa Karatu wa ziwa hilo kuna Mang'ola, ambako chemchemi za Qang'dend hulisha mifereji ya mashamba ya vitunguu vinavyouzwa hadi nje ya mipaka ya nchi. Usukumaji wa mafuta kwa safaktanti ni, kwa ujazo, usukumaji wa maji. Kemikali ni asilimia ndogo tu ndani yake, na polima zinazoifuata hupoteza mnato katika maji ya chumvi. Maji ya Eyasi ni laini kwa kalisi, lakini yana chumvi nyingi mno kwa polima za kawaida. Mchanganyo huo wa sifa mbili ndio unaofanya chemchemi za maji baridi ziwe na mvuto kwa mhandisi, na ndio unaofanya swali la mafuta ya Karatu liwe, tangu hatua ya upimaji, swali la mfereji wa Mang'ola na wa nani aliye mbele ya nani katika mfereji huo.